Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Juzi asubuhi, uji ukiwa haujachemka, jirani yangu aligonga mlango akaniuliza punda wake atazaa lini. Ni kijana wa Kirangi, kwao Kondoa, anauza maji hapa Ipagala kwa punda watatu, na huyo mmoja alimnunua mnadani akiwa tayari na mimba. Aliyemuuza hakusema mimba imefika wapi. Sasa tumbo limeshuka, na mwenyewe anatakiwa kwao kwenye arusi ya dada yake, hajui aende au abaki. Watu wamemwambia kwamba bibi wa nyumba ya pili ni mtoto wa mtu wa punda.

Nilimwambia asubiri nivae viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa miguuni. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nimeshika magoti, kwa sababu swali hilo sikuwa nimeulizwa tangu nina mapengo ya meno ya utoto, na mara ile nilipoulizwa nilijibu vibaya. Basi mwenzangu, mwache kijana wa watu asimame pale uani kidogo. Hana haraka kama anavyojifanya. Nikueleze kwanza habari ya farasi.

Ilikuwa wakati wa Mdachi. Dodoma siku hizo huwezi kuiita mji ukasadikiwa. Palikuwa na boma, palikuwa na kituo cha reli kinachonuka chokaa mbichi, maduka machache ya Wahindi, na sisi tuliozagaa nyuma ya boma katika matembe yetu, zile nyumba za udongo zenye paa la bapa. Juu ya paa letu mama alianika uwele, na mimi nilipanda kufukuza kuku, nikisahau kuku nikatazama treni. Treni ikipiga kelele, mbuzi wa mtaa mzima walikimbia upande mmoja kama walioambizana. Nilicheka kila siku, na kila siku mama aliniuliza kuna kipya gani.

Asubuhi yetu ilianza na tarumbeta ya askari. Mama alikuwa amekwisha kusaga, nasikia jiwe likikwaruza jiwe tangu usingizini, na harufu ya unga wa uwele imejaa chumba. Tulikula ugali na mlenda, ule unaovutika mpaka kidevuni, na siku njema maziwa mgando yaliyotikiswa kwenye kibuyu. Kisha nilichukua mundu nikafuatana na mama upande wa Nzuguni kukata majani. Nzuguni ya leo ni nyumba tu kila upande, lakini mimi nikipita pale bado natafuta majani kwa macho. Tulikata tukafunga mizigo miwili, mkubwa wa mama na mdogo wangu, tukaipeleka bomani, kwa sababu baba alikuwa mtunza farasi wa bwana.

Baba hakuzaliwa penye farasi. Nani kwetu alizaliwa penye farasi? Nchi yetu ilikuwa inawaua. Wakiletwa kiangazi, mvua za kwanza zinawazika. Baba alikuwa mtu wa Haneti, mtoto wa watu waliofuga punda tangu kale, waliobeba chumvi na nafaka kwa punda mpaka migongo ya wanyama ikawa na alama. Alimjua punda kama mwanamke anavyojua chungu chake. Akigusa sikio alijua kama mnyama ana homa, akigusa tumbo alijua kama mtoto amegeuka. Bwana mmoja wa boma alimwona akimtibu nyumbu wa mizigo kwato, akamshika mkono akampeleka kwenye banda la farasi wawili, dume na jike, akamwambia kuanzia leo kazi yako hii.

Bwana yule alihamishwa. Dume likafa kwa homa masika ile ile. Likabaki jike peke yake, rangi ya asali, na doa jeupe katika paji la uso. Bwana aliyekuja nyuma alikuwa mtu wa kalamu. Alimkuta farasi pale kama alivyokuta meza na kiti, na akimpanda alishika nywele za shingo kwa mikono miwili, askari wakatazama pembeni wasicheke. Lakini alimpenda. Jioni alikwenda bandani na kipande cha sukari, akamlisha kiganjani. Nasema hilo ili usidhani alikuwa jini. Mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa jini.

Kabla dume halijafa, baba alikuwa ameliona likimpanda jike huko malishoni. Hakuna mwingine aliyeona. Jioni ile alirudi nyumbani akachukua uzi wa gome la mbuyu, akausokota pajani, akafunga mafundo kumi na mawili. Ndivyo watu wa Haneti walivyohesabu mimba ya punda. Kila mwezi ukiandama unafungua fundo moja. Likifunguliwa la kumi na mbili, mtu anahamia zizini na blanketi lake, kwa sababu punda atazaa kabla mwezi huo haujafa, na mtoto wa punda mara nyingine hutoka na utando wake haujapasuka. Asipokuwapo mtu wa kuupasua na kumfuta pua, anakufa akiwa amekamilika, kwato na kope.

Mama ndiye aliyeuliza kama hesabu ya punda ni hesabu ya farasi. Nakumbuka, kwa sababu mama hakuwa na kawaida ya kuuliza mambo ya wanyama. Baba alicheka kidogo, akamweleza kwa upole kwamba mbuzi hubeba miezi mitano, ng'ombe tisa, punda kumi na miwili na ziada, na farasi ni mkubwa kuliko punda. Haiwezekani mkubwa akamaliza kabla ya mdogo. Akakubali tu kwamba pengine farasi atachelewa zaidi. Sote tukaona ni maneno ya akili. Hata leo nikiyasikia naona ni maneno ya akili.

Kamba ikatundikwa kwenye mlango wa ndani, na kazi ya kufungua fundo nikapewa mimi. Ah, raha ile. Jioni za mwezi kuandama nilipanda kwenye paa mapema, nikakodoa upande wa machweo mpaka macho yanatoa machozi, na nikiuona ule ukucha mwembamba nilipiga kelele. Baba alinipokea chini kwa mikono miwili kama mzigo wa kuvunjika. Ananishushia kamba, nafungua fundo kwa meno maana vidole havina nguvu, halafu ananilambisha asali kwenye ncha ya kisu. Kamba ile ilinuka ubuyu na jasho la baba. Nilijiona mtu mkubwa mwenye kazi bomani.

Alinifundisha na dalili pia, kwenye punda wa mtaani. Nyama za kando ya mkia zinalegea, ukizibonyeza zinatikisika. Kiwele kinajaa. Mwisho kabisa, kwenye ncha ya chuchu kunatoka tone linaloganda, la manjano kama nta; ukiona hiyo nta, mtoto yuko mlangoni. Lakini alipofika hapo alinisimulia kila mara habari ya punda wa mjomba wake, yule punda mwongo. Punda huyo alitoa nta kabla ya wakati, baba akiwa kijana akatangaza mtaa mzima kwamba leo ndiyo leo. Watu wakakesha, siku ya pili wakakesha, wazee wakaleta viti, na punda anatafuna zake majani. Alizaa mwezi mzima baadaye, fundo la mwisho lilipofunguliwa, kama kamba ilivyotaka. Baba alichekwa mpaka alipooa. Nami nilicheka, kisha nikajifunza nilichojifunza: kwamba chuchu inaweza kukufedhehesha, kamba haikufedheheshi.

Sasa ngoja nikuambie kilichokuwa hatarini, maana bila hicho utaona tunahangaika bure na mnyama wa Mzungu. Reli ilikuwa inaendelea magharibi. Kila msimu jumbe alipita na askari kuchukua wanaume wa kuchimba na kubeba, na waliorudi walirudi mifupa, na wengi hawakurudi, wala hapakuletwa habari zao. Jina la baba lilikuwa limekwisha kutajwa. Bwana alimwita barazani, na mpishi wake akiwa mkalimani akamwambia hivi: bwana hajui farasi, na hataki farasi huyu afe. Akizaa mtoto akawa hai, wewe utakuwa mtu wa boma, jumbe hatakugusa. Baba akaulizwa atazaa lini. Baba akaangalia vidole vyake, akataja mwezi. Bwana akaandika kwenye kitabu chake.

Mama alilia siku ile kwa furaha. Alipika kuku, na sisi kuku hatukuwa tunamla ovyo.

Mafundo yakapungua. Kumi, saba, matatu. Farasi akapanuka tumbo mpaka akawa anapita mlango wa banda kwa kujipinda. Nilimpelekea majani nikaweka sikio kwenye ubavu wake, nikasikia mle ndani kitu kikigonga, mara moja, kisha kimya, kisha tena. Harufu yake ilikuwa tamu kuliko ya punda, kama mkate wa jikoni kwa mpishi uliochanganyika na nyasi. Nilimsimulia mtoto habari za treni. Nilimwahidi nitamwonyesha mbuzi wanavyokimbia.

Likabaki fundo moja. Siku chache baada ya mwezi kuandama, ikaja habari kutoka Haneti kwamba bibi, mama yake baba, hali na hanywi. Baba akaomba ruhusa siku sita. Alihesabu vizuri: mbili za kwenda, mbili za kukaa na mama yake, mbili za kurudi, na fundo la mwisho bado lina kama wiki tatu. Alisema ni afadhali aende sasa, kwa sababu fundo likishafunguliwa hataondoka bandani hata mama yake akifa. Alinishika kichwa akasema farasi ninawaachia wewe na mama yako. Akaondoka alfajiri na kibuyu cha maji begani.

Siku ya nne nilipeleka majani peke yangu, mama alikuwa na homa. Farasi alikuwa hali majani. Alisimama amegeukia ukuta, mkia umeinuka kidogo, anageuza shingo kujitazama ubavu. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa. Kwenye chuchu mbili kulikuwa na matone, ya manjano, yamekauka nusu. Nikagusa moja kwa kidole. Likang'oka likabaki kwenye ncha ya kidole changu, laini, linanata.

Nilijua ni nini. Usinisaidie kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto na nilijua. Lakini nilijua pia kwamba mlangoni kwetu kuna fundo moja, na baba amesema. Nikakumbuka wazee na viti vyao. Nikaona boma zima limekesha kwa ajili yangu na farasi anatafuna zake majani, na mpishi anasimulia mpaka pwani kwamba mtoto wa mtu wa punda ni kama baba yake. Nikaipangusa ile nta kwenye kaniki yangu. Na ile ya chuchu ya pili nikaipangusa pia, ili isionekane.

Nilipotoka bandani, mpishi alikuwa kwenye mlango wa jiko anachambua mchele. Alikuwa mtu wa pwani, ana kofia ya kazi na kofia ya Ijumaa, na Kiswahili changu hiki ninachokusimulia nilikiokota miguuni pake. Nikamwamkia, akaitikia, akasema bwana ameona mnyama hali tangu jana, ana wasiwasi. Anataka kumweka askari mmoja alale bandani leo. Yeye mpishi amemwambia atamuuliza kwanza mtu anayejua.

"Baba yako hayupo," akasema, "basi anayejua ni wewe. Vipi, mwanangu, wakati umefika?"

Alikuwa hatanii. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu mzima, mpishi wa bwana, aliweka ungo chini akaningoja nijibu. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanata.

"Bado fundo moja, mjomba."

Akaniambia ahsante. Akachukua ungo wake akaingia ndani, na kupitia dirishani nikamsikia akimweleza bwana, na bwana akijibu kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Askari akaambiwa aende kwake. Mimi nikarudi nyumbani nikamchemshia mama uji, nikala, nikalala vizuri. Ndiyo, nililala vizuri.

Tarumbeta ilipolia nilikuwa tayari njiani na mzigo wa majani. Nilijua kabla sijafika, kwa sababu farasi alikuwa anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Punda anapaza sauti dunia nzima isikie. Yeye alikuwa ananong'ona, puani, chini chini, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

Mtoto alikuwa amelala kwenye majani niliyoleta jana. Alikuwa mzima wote, miguu mirefu imekunjwa, na utando mweupe wa buluu umemfunika kichwa na shingo haujapasuka. Kupitia utando niliona doa jeupe katika paji la uso. Mama yake alikuwa amemlamba miguu. Kichwani hakufika, au alifika akachelewa, sijui. Nilipiga kelele, mpishi akaja mbio na kisu cha jikoni, akaupasua, akamfuta pua, akaweka mdomo wake mwenyewe kwenye pua ile akapuliza, yeye ambaye hakugusa mnyama bila kutawadha upya. Akapuliza mpaka akakaa chini. Kope za mtoto zilikuwa ndefu, zimelowa. Kwato zake zilikuwa bado laini, unaweza kuzibonyeza kwa kucha.

Bwana akaja na nguo za kulalia. Halafu akauliza kitu, na mpishi akajibu kwa Kidachi, na katika jibu lile nilisubiri kusikia nikitajwa. Mpishi hakunitaja. Alinitazama mara moja tu, akatazama kisu chake. Baadaye nilisikia alisema kwamba mtunzaji alikosea hesabu, jambo ambalo lilikuwa kweli na lilikuwa limeandikwa kitabuni, basi hapakuwa na haja ya kumtafuta mwingine.

Baba alirudi siku ya sita jioni, kama alivyosema. Bibi alikuwa amepata nafuu. Tulimwona kwa mbali anakuja anaimba, na mkononi ameshika kitu anakitikisa ili nikione. Ilikuwa hatamu, ndogo, ya ngozi ya mbuzi, ameisuka mwenyewe huko Haneti akiwa amekaa na mgonjwa. Mama alikwenda kumpokea njiani. Nilisikia kuimba kunakoma.

Hakuingia hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, mimi nyuma yake. Kiwele cha farasi kilikuwa kimevimba kwa maziwa yasiyo na mnywaji, kinadondoka chenyewe. Baba akachuchumaa akaanza kumkamua taratibu chini kwenye majani, kumpunguzia maumivu, na mnyama akaweka kidevu juu ya mgongo wake. Akabonyeza nyama za kando ya mkia. Akahesabu kwa vidole, miezi yote tangu malishoni, akahesabu tena. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima umepotea vile.

Halafu akaniuliza, bila kugeuka:

"Hukuona kitu chochote, mama? Hata kidogo? Kwenye chuchu?"

Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Sauti yake haikuwa ya kunilaumu. Alikuwa anataka kujua tu, kama fundi anayetafuta palipoachia.

"Sikuona kitu, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba basi farasi hana dalili. Kwamba mikono yake imezoea punda, kwa farasi ni mikono ya kipofu, na hakustahili kuikubali kazi ile tangu mwanzo.

Asubuhi alikwenda mwenyewe barazani akasema kosa ni lake peke yake. Walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma, na askari aliyepiga alikuwa mtu aliyekula kwetu. Bwana hakutoka kutazama. Wiki haikuisha, jumbe akaja na orodha. Hakuna aliyelia kwa sauti; mama alimfungia unga wa uwele katika kitambaa na kunyoosha nguo ambayo haikuwa na mkunjo. Kule kituoni walikuwa wanaume wapatao thelathini, wamepangwa kwa kamba, wanasubiri behewa la mchanga. Baba alikuwa anatembea kwa kuinama kwa sababu ya mgongo.

Nilikuwa nimekuja na ile kamba, sijui kwa nini. Pengine nilitaka anichape nayo. Aliiona mkononi mwangu, akalitazama fundo moja lililobaki.

"Hilo liache," akasema. "Nikirudi nitalifungua mwenyewe, unieleze lilivyokosea."

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Treni ilikuwa haijapiga hata kelele. Ningeweza kusema maneno mawili, akaondoka akijua kwamba farasi anazo dalili, ni zile zile alizozijua tangu utoto wake, kwamba mikono yake haikuwa ya kipofu, kwamba kama angekuwapo angeiona nta akaamini au asiamini, lakini angeiona. Nilifungua mdomo. Ukaja moshi wa treni ukatufunika, mbuzi wakakimbia upande mmoja, na kwa mara ya kwanza sikucheka.

Hakurudi. Mwaka ule hakurudi, na mwaka uliofuata ikaja vita ya Wazungu, bwana wa kalamu akaondoka na boma lake, njaa ikaja, mama akafa. Farasi alichukuliwa na vita na sikusikia tena habari zake. Kwa ile hatamu mama alifungia kibuzi miezi kadhaa mpaka ikakatika. Mpishi alirudi pwani, na siku ya kuaga alinipa kofia yake ya kazi niifanyie kata ya kichwani ya kubebea maji. Ya Ijumaa akaondoka nayo. Hakuniuliza kitu. Nadhani alijua, mwenzangu. Nadhani alijua tangu nilipoficha vidole.

Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipoambiwa na mwalimu wa shule, mtu aliyesoma vitabu vya mifugo, kwamba farasi hubeba miezi kumi na moja. Anamaliza kabla ya punda, pamoja na ukubwa wake wote. Nilikuwa napepeta mtama. Nikaendelea kupepeta, makapi yakaisha na nikaendelea. Kamba ilikuwa ya punda. Nta ilikuwa kweli. Baba alifanya hesabu ya watu wake kama alivyofundishwa, nami nikamwamini kuliko kidole changu mwenyewe.

Siku hizi hakuna anayefunga mafundo. Haneti nilikwenda miaka michache iliyopita, nikauliza, vijana wakanitazama kama ninayeuliza habari za majini. Palipokuwa banda la farasi nimewahi kupita na sikupatambua. Nilisimama pale ninapodhani ndipo, mtu mwenye baiskeli akaniambia bibi sogea. Harufu ile ya nyasi na mkate sijaikuta tena popote. Kilichobaki ni kamba, iko ndani ya kibuyu chini ya kitanda changu, imekauka kama utumbo, na fundo lake moja.

Basi nilisimama, nikatoka, nikamfuata kijana wa Kirangi mpaka zizini kwake. Punda alikuwa amegeukia ukuta. Nilipiga magoti kwa shida, yeye akinishika kiwiko, nikapeleka mkono chini. Ilikuwa pale, kwenye chuchu zote mbili. Niliing'oa moja nikamwekea kwenye kiganja aione, nikamwambia arusi itangoja, asitoke hapa hata kwenda dukani, na mtoto akitoka na utando apasue kwanza puani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Jioni watoto wake walikuja wakikimbia kuniita, jike, yuko hai, amesimama tayari.

Sikwenda kumwona. Nilifunga mlango, nikavuta kibuyu, nikaitoa kamba nikaiweka magotini. Mwanga ulikuwa bado unaingia dirishani. Nikaifuta ncha ya kidole kwenye kanga, kisha nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

"Niliona, baba."